SANDUKU GUMU NA JEPESI: MFANYABIASHARA AJUE ANACHONUNUA

Mfanyabiashara wa Kiongoroni anayekwenda Dar es Salaam kufuata mzigo hapandi chombo kimoja. Huanza kwa boti au mashua, akapita katikati ya mikoko hadi nchi kavu, kwa mfano Nyamisati. Hapo hupanda gari la kwenda Bungu, akashika Barabara ya Kilwa mpaka Mbagala Rangi Tatu. Kila kituo sanduku lake hushushwa, hupandishwa, hukaliwa, huloweshwa na kurushwa na utingo. Akiwa na safari ya Dubai au Guangzhou, safari ya sanduku ndiyo kwanza imeanza.

Ndiyo maana wiki hii ukurasa wetu unatazama bidhaa ambayo wengi huinunua kwa rangi tu: sanduku gumu la plastiki, lile lenye magurudumu, ambalo vijana wa Kariakoo huliita begi la kusukuma. Maduka yamejaa. Mawili yanayofanana sura huweza kuachana bei mara mbili au tatu, na muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui sababu. Tutaeleza linavyosanifiwa na kutengenezwa, namna ya kulijaribu bila maabara, na mahali ambapo mwenye mtaji mdogo anaweza kuingia katika biashara hii bila kuchomwa.

Kutoka kasha hadi begi la kusukuma

Pwani yetu haikuanza jana kuhifadhi mali ndani ya sanduku. Kasha la mbao ya msaji lililopambwa kwa misumari ya shaba lilikuja na majahazi kutoka India na Uarabuni, na hadi leo makasha ya namna hiyo huonekana Zanzibar na Lamu. Lilikuwa imara, lakini lilihitaji watu wawili kulibeba. Baadaye lilikuja tranka la bati. Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, na wenzao wa Kamukunji, Nairobi, wameyatengeneza kwa miongo mingi, na msimu wao mkubwa ni wakati wanafunzi wanapokwenda shule za bweni.

Ulaya na Marekani walipita njia inayofanana na hiyo. Louis Vuitton alifungua duka Paris mwaka 1854, na mwaka 1858 akatoa sanduku lenye kifuniko bapa ili yaweze kupangwa moja juu ya jingine, badala ya yale ya mgongo wa duara yaliyokuwa yakiteleza. Jesse Shwayder alianzisha kiwanda Denver, Marekani, mwaka 1910. Ndicho kilichokuja kuitwa Samsonite. Kiwanda cha Ujerumani, RIMOWA, kilianza mwaka 1898 mjini Cologne, kikatoa sanduku la alumini mwaka 1937 na kugeukia polikabonati mwaka 2000.

Magurudumu yalichelewa sana. Bernard Sadow wa Marekani alipata hataza ya sanduku la kuburuta kwa kamba mwaka 1972, na rubani Robert Plath akabuni lile la kusimama lenye mkono wa kuvuta mwaka 1987. Maana yake ni kwamba binadamu alifika mwezini mwaka 1969 huku sanduku lake la safari likiwa bado linabebwa mkononi.

Hesabu ya uzito

Tuchukue sanduku la kawaida lenye urefu wa sm 65, upana wa sm 45 na kina cha sm 25. Ukijumlisha pande zake zote sita unapata sentimita za mraba 11,350, yaani zaidi kidogo ya mita moja ya mraba. Sasa tulitengeneze kwa vitu mbalimbali, tuangalie ganda tupu lingekuwa na uzito gani kabla ya kufunga gurudumu, zipu wala mkono:

Mbao ya msaji, unene mm 15: kilo 11
Plaiwudi, unene mm 6: kilo 4.1
Bati la chuma, unene mm 0.4: kilo 3.6
Alumini, unene mm 1: kilo 3.1
Polikabonati, unene mm 1.5: kilo 2.0
ABS, unene mm 1.5: kilo 1.8
Polipropilini, unene mm 1.5: kilo 1.5

Sababu ni uzito wa asili wa kila kitu. Lita moja ya maji ina kilo moja. Ujazo huohuo wa chuma una karibu kilo 7.9, alumini 2.7, polikabonati 1.2, ABS takriban 1.05, na polipropilini 0.9 tu. Polipropilini ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea.

Kilo moja au mbili si kitu kwa anayekwenda harusini. Kwa mfanyabiashara ni pesa. Mashirika mengi ya ndege huruhusu kilo 23 kwa kila begi katika daraja la kawaida. Mwenye sanduku la kilo 4.5 anabaki na kilo 18.5 za bidhaa. Mwenye la kilo 2.8 anabaki na 20.2. Tofauti ni kilo 1.7. Kwa mabegi mawili na safari sita kwa mwaka, hiyo ni zaidi ya kilo 20 za bidhaa, karibu begi zima ambalo jirani yako amelipakia nawe umelipa nauli ya plastiki.

Plastiki tatu, tabia tatu

ABS ndiyo ya bei nafuu na ndiyo imejaa sokoni. Ni ngumu, inang'aa na inashika rangi vizuri. Ubaya wake ni kwamba ikipigwa mahali pamoja hupasuka badala ya kubonyea na kurudi. Ukiikunja huacha alama nyeupe kwenye mkunjo. Alama hiyo ni dalili kwamba ndani imekwisha kuanza kuachana.

Polikabonati ndiyo ile inayotumika kwenye kofia za usalama na vioo visivyovunjika kirahisi. Hubonyea ikarudi. Ni nzito kidogo kuliko ABS, lakini kwa kuwa ina ustahimilivu mkubwa, kiwanda kinaweza kuifanya nyembamba zaidi na mwishowe kupata sanduku jepesi na la kudumu. Viwanda vingi huchanganya hizi mbili ili kupunguza gharama. Mchanganyiko si udanganyifu. Udanganyifu ni kuandika kwenye lebo kwamba ni polikabonati tupu.

Polipropilini ni plastiki ya mabeseni, ndoo na viti. Haichoki kwa kukunjwa: kifuniko cha chupa ya shampuu kinachofunguka na kufunga mamia ya mara kwa bawaba nyembamba ya plastiki hiyohiyo ni ushahidi. Udhaifu wake ni kukakamaa kwenye baridi kali, jambo ambalo halimsumbui mtu wa pwani, na kuchakaa juani endapo kiwanda hakikuweka dawa ya kuzuia jua.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wa mjini hawalitaji, nalo linamhusu moja kwa moja anayesafiri delta. Boti ya injini hubeba petroli, na petroli humwagika. Polikabonati na ABS haziipendi petroli. Zikikaa nayo hupata nyufa ndogondogo, hasa sehemu iliyokazwa na skrubu au ribiti. Polipropilini huvumilia zaidi. Kwa hiyo sanduku la bei kubwa lililosifiwa kwenye uwanja wa ndege laweza kuwa si chaguo la kwanza kwa kukaa chini ya boti karibu na dumu la mafuta.

Kwa nini lina migongo

Watu wengi hudhani mistari iliyo kwenye sanduku gumu ni pambo. Fundi yeyote wa kuezeka atakwambia vingine. Bati lililonyooka hupinda kwa kidole, lakini bati la migongo hubeba mtu. Unene haukubadilika, umbo ndilo limebadilika.

Ukiongeza unene wa ukuta mara mbili, ugumu wake wa kupinda huongezeka mara nane, lakini uzito nao huongezeka mara mbili na gharama ya plastiki vilevile. Ukiupa ukuta huohuo migongo, unapata sehemu kubwa ya ugumu huo bila kuongeza plastiki nyingi. RIMOWA walipoweka mifereji yao maarufu mwaka 1950, waliiga ngozi ya bati la migongo ya ndege za Junkers za Ujerumani. Basi ufundi unaouzwa Ulaya kwa bei ya juu na ule unaofunika nyumba ya Kibiti ni ndugu.

Njia nyingine ya kupata wepesi ni ya mkeka. Mwaka 2008 Samsonite walitoa masanduku ya Cosmolite kwa kutumia malighafi iitwayo Curv. Ni nyuzi bapa za polipropilini zilizofumwa kama ukindu, tabaka juu ya tabaka, kisha zikabanwa kwa joto mpaka sehemu ya nje ya kila uzi ikayeyuka na kushikana na jirani yake, huku kiini chake kikibaki na nguvu ya uzi. Ganda huwa jembamba na bado halipasuki kirahisi, kwa kuwa ufa ukianza hukutana na uzi. Mwanamke wa Rufiji anayefuma mkeka anaijua kanuni hiyo: ukindu mmoja hukatika, mkeka hauchaniki.

Njia mbili za kutengeneza, na pembe zinazosema ukweli

Ganda la sanduku hutengenezwa kwa njia kuu mbili, na tofauti yake ndiyo inayoamua bei, uimara na mtaji.

Njia ya kwanza ni kufinyanga kwa kunyonya hewa. Chembe za plastiki huyeyushwa na kukamuliwa kuwa shuka bapa. Shuka hupashwa joto hadi likalegea kama unga wa chapati, hulazwa juu ya kalibu, kisha hewa hunyonywa kutoka chini na shuka likanata kwenye umbo. Likipoa hukatwa kingo. Kalibu yaweza kuwa ya alumini, si ghali sana, na kubadilisha muundo ni rahisi.

Tatizo ni kwamba shuka huvutwa. Tuchukue nusu ya sanduku letu la mfano. Mdomo wake una sentimita za mraba 2,925, lakini ganda lenyewe, pamoja na kuta zenye kina cha sm 12.5, lina 5,675. Plastiki ileile imetandazwa karibu mara mbili. Shuka la mm 2.5 linabaki na wastani wa mm 1.3. Huo ni wastani tu. Pembeni, ambako shuka huvutwa kutoka pande tatu, huwa jembamba zaidi. Na pembe ndizo zinazotangulia chini sanduku likianguka! Kiwanda makini huanza na shuka nene zaidi, huipa pembe mduara mpana badala ya ncha kali, au huongeza vikinga pembe. Kiwanda kinachobana gharama huacha hivyohivyo.

Njia ya pili ni kudunga. Plastiki iliyoyeyuka husukumwa kwa nguvu kubwa ndani ya kalibu ya chuma yenye pande mbili zilizofungwa. Hapa msanifu ndiye anayeamua unene wa kila mahali: pembe nene, ubavu mwembamba, mbavu za kuimarisha kwa ndani. Masanduku mengi ya polipropilini hutengenezwa hivi. Kalibu yake ni ghali mno, na mashine ni kubwa.

Jambo la kuzingatia kwa anayefikiria kiwanda cha pwani: polikabonati hunywa unyevu wa hewa. Kabla ya kuyeyushwa ni lazima ikaushwe kwa takriban nyuzi 120 za Selsiasi kwa saa mbili hadi nne. Isipokaushwa, hutoa mapovu na kuwa dhaifu hata kama kwa macho inaonekana nzuri. Kwa hewa ya Dar es Salaam au Kibiti, mashine ya kukaushia si anasa.

Mdomo wa sanduku: zipu au fremu

Ganda zuri lenye mdomo mbaya ni hasara. Masanduku mengi mepesi hufungwa kwa zipu, kwa kuwa zipu ina gramu chache. Lakini zipu ya meno ya plastiki inaweza kufunguliwa kwa ncha ya kalamu na kufungwa tena bila kufuli kuguswa. Tena inapitisha maji. Fremu yenye makomeo ni nzito zaidi, lakini hufunga kwa uhakika, na baadhi huwekewa mpira wa kuziba maji kuzunguka mdomo.

Kwa msafiri wa delta hapa pana hesabu ya kuvutia. Sanduku letu la mfano lina ujazo wa lita 73. Likiwa na uzito wa kilo 23 kwa jumla, likilala juu ya maji litazama sm 8 tu kati ya sm 25 na kuelea salama, mradi maji hayaingii. Kwa zipu, maji yataingia. Kwa fremu yenye mpira mzima, sanduku lililoanguka kutoka kwenye boti linaweza kuokotwa likiwa na vyeti vya shule, simu na daftari la madeni vikiwa vikavu. Masanduku ya kazi ya aina ya Pelican, yaliyoanza kutengenezwa Marekani katika miaka ya 1970, yamejengwa juu ya kanuni hiyo: ganda la polipropilini, mpira wa kuziba, na kijitundu maalumu cha kupitisha hewa ili sanduku lisikwame kufunguka likitoka kwenye ndege. Ukiona alama ya IP67 kwenye sanduku la namna hiyo, maana yake limepimwa kukaa nusu saa ndani ya maji ya kina cha mita moja.

Asiye na uwezo wa fremu atumie akili ya wazee: mzigo ndani ya mfuko mzito wa plastiki uliofungwa, kisha ndani ya sanduku.

Magurudumu, mkono na ribiti

Sanduku gumu huanza kufa kwenye gurudumu kabla ya ganda. Gurudumu la plastiki ngumu hupiga kelele na kuvunjika kwenye kokoto. Gurudumu la polyurethani lenye beringi hudumu. Masanduku ya magurudumu manne hupendeza kwenye sakafu ya uwanja wa ndege, lakini kwenye mchanga na matope ya delta mawili makubwa ni bora kuliko manne madogo, na mara nyingi hayo mawili hayatatumika: sanduku litabebwa begani au kichwani. Basi angalia pia mkono wa juu na wa ubavuni, kwa sababu ndio utakaoshikwa na mwenye boti.

Chumvi ni adui mwingine. Ribiti na skrubu za chuma cha kawaida hushika kutu kwenye hewa ya bahari, zikalegea, gurudumu likang'oka na kipande cha ganda. Chuma cha pua, alumini au shaba ni salama zaidi. Peleka sumaku ndogo dukani: ribiti inayovutwa kwa nguvu na sumaku ni chuma cha kutu.

Kujaribu bila maabara

Viwanda vikubwa vina mashine za kuangusha sanduku lililojazwa, za kulizungusha ndani ya pipa, za kuvuta mkono maelfu ya mara na za kukimbiza magurudumu kilomita nyingi. China, ambako sehemu kubwa ya bidhaa hizi hutoka, ina kiwango chake cha masanduku ya safari, QB/T 2155. Mnunuzi wa jumla ana haki ya kumwomba muuzaji ripoti ya majaribio kwa kiwango hicho. Anayekataa kuionyesha amekujibu.

Kwa mnunuzi mdogo yapo majaribio matano ya dukani.

Kwanza, fungua zipu ya bitana uone ganda kwa ndani. Bitana iliyogandishwa na gundi ili usione ni dalili ya kuficha kitu.

Pili, bonyeza katikati ya ubavu kwa kiganja mpaka uingie. Ukirudi bila alama, vizuri. Ukiacha mstari mweupe, hiyo ni ABS.

Tatu, shika pembe kwa vidole viwili, kimoja ndani na kimoja nje, kisha fanya hivyo kwenye ubavu. Kama pembe inabonyea kirahisi kuliko ubavu, ganda limevutwa kupita kiasi.

Nne, vuta mkono wote juu na uutikise. Ukicheza sana ukiwa mpya, hautamaliza mwaka.

Tano, na hili ni la mnunuzi wa jumla anayeweza kupata kipande cha ganda, kama mabaki ya kukata kingo: jaribio la maji ya chumvi. Tia kipande kwenye maji matamu. Kikielea ni polipropilini. Kikizama, koroga gramu 180 za chumvi katika lita moja ya maji mpaka iyeyuke yote, kisha ukitie humo, ukihakikisha hakina mapovu. ABS itaelea. Polikabonati itazama. Kumbuka kwamba mchanganyiko wenye polikabonati nyingi nao waweza kuzama, na plastiki iliyoongezwa unga wa chokaa huwa nzito kuliko ilivyo asili. Lakini lebo ikidai ni polikabonati tupu na kipande kikaelea kwenye maji hayo ya chumvi, mjadala umekwisha.

Pesa iko wapi

Sasa tuje kwenye mtaji. Soko la Hisa la Dar es Salaam halina kampuni ya masanduku. Samsonite iliuza hisa zake Hong Kong mwaka 2011, na VIP Industries ya India iko kwenye masoko ya hisa ya huko. Kwa mwekezaji wetu mdogo, kwa hiyo, njia ni ya biashara yenyewe, nazo ni tatu.

Njia ya kwanza ni kuagiza yaliyokamilika. Huja kwa seti ya matatu, dogo ndani ya kubwa. Seti yenye sanduku kubwa la sm 78 kwa 52 kwa 32 hula mita za ujazo 0.13. Kontena refu la futi 40 hupakiwa mita za ujazo 68 hivi, yaani takriban seti 520, masanduku 1,560. Utaona kwamba unasafirisha hewa zaidi kuliko plastiki. Juu yake weka ushuru wa forodha na VAT. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005 kwa viwango vya asilimia 0, 10 na 25, na mwaka 2022 kikaongezwa cha 35 kwa baadhi ya bidhaa zilizokamilika. Muulize wakala wako wa forodha kiwango halisi cha fungu la 4202 kabla ya kutuma pesa, si baada ya meli kufunga gati.

Njia ya pili ni kuagiza masanduku nusu tayari. Viwanda vya China huuza maganda yaliyopachikwa kama mabakuli, mara nyingi 12 katika fungu moja, pamoja na magurudumu, mikono, zipu na bitana kando. Fungu likichukua mita za ujazo 0.15, kontena lilelile linabeba zaidi ya masanduku 5,400. Kwa mfano, kama usafiri na gharama za bandari ni sh. milioni 12, kila sanduku lililokamilika linabeba sh. 7,700, na la nusu tayari sh. 2,200. Tofauti hiyo ndiyo mshahara wa washonaji na mafundi wa ribiti. Hapa mtu wa Kibiti mwenye cherehani nzito, umeme wa uhakika na vijana wanne ana nafasi. Hatari yake ni uzembe: zipu iliyoshonwa vibaya humrudisha mteja kabla ya mwezi.

Njia ya tatu ni kutengeneza ganda hapa nchini. Hapa kalibu ndiyo inayoamua. Tuseme, kwa mfano wa kubuni tu, kalibu ya kunyonya hewa inagharimu sh. milioni 12 na ya kudunga sh. milioni 150. Ukiuza masanduku 2,000, kila moja linabeba sh. 6,000 za kalibu ya kwanza au sh. 75,000 za kalibu ya pili. Ukiuza 50,000, kalibu ya kudunga inashuka hadi sh. 3,000 kwa kila sanduku. Kwa hiyo kudunga ni mchezo wa wingi. Asiye na soko la makumi ya maelfu asiuguse.

Lakini si lazima kununua mashine. Viwanda vyetu vinavyotengeneza ndoo, mabeseni na kreti tayari vina mashine za kudunga polipropilini, na vinavyotengeneza matangi ya maji vina ujuzi wa kuzungusha polithini ndani ya kalibu yenye moto. Mwenye kalibu yake anaweza kukodi saa za mashine, ikiwa ukubwa wa mashine unalingana na kalibu. Tena si lazima bidhaa ya kwanza iwe begi la abiria. Makasha ya barafu ya samaki na kamba ni ganda la plastiki lenye povu katikati, na wavuvi wa delta na Mafia ndio wateja. Mwenye kulijua soko hilo amekwisha kujifunza nusu ya ufundi wa sanduku gumu.

Tahadhari moja ya sheria. Sanduku lenye jina la kampuni maarufu kwa bei ya kutupa karibu kila mara ni bandia. Tume ya Ushindani hukamata bidhaa za namna hiyo, na mzigo huteketezwa kwa gharama ya aliyeuingiza. Ganda lisilo na jina lakini imara huuzika. Ganda lenye jina la wizi hukupeleka mahakamani. Ulizia pia TBS kuhusu cheti cha ubora kabla bidhaa hazijapakiwa huko zitokako.

Ushauri wa wiki

Kwa anayesafiri kwa ndege na basi: polikabonati au polipropilini ya kudunga, kilo tatu au pungufu, pembe za mviringo, magurudumu yenye beringi. Kwa mwenye duka la rejareja Kibiti au Ikwiriri: nunua aina mbili tu, ya bei ya chini na ya kati, na uweke magurudumu na mikono ya akiba, kwa sababu matengenezo huleta mteja mara ya pili. Kwa mfanyabiashara wa Kiongoroni, Salale, Maparoni, Msala na Mbuchi: polipropilini yenye fremu na mpira wa kuziba, ribiti zisizoshika kutu, mkono imara kila upande. Likikosekana, tranka la bati lililopakwa rangi vizuri bado lina kazi yake nyumbani, ila kwenye boti likiingia maji litakwenda chini na mali yako.

Kabla ya kulipa, kumbuka sumaku, kiganja, na gramu 180 za chumvi. Vyote vitatu havifiki bei ya soda mbili.